Kupokea Familia Mpya Malindi: Kazi Huanza Kabla ya Kengele ya Septemba

Mwenzetu uliyepewa kazi ya kupokea familia mpya katika shule yetu ya kimataifa mwaka huu, iwe umewekwa kwenye dawati la usajili au umo katika kamati ya wazazi, anza kwa kufahamu hili: siku ya kufungua shule si siku ya kupokea wageni. Mzazi anayefika getini saa moja asubuhi bila kujua mtoto yuko darasa gani, mwalimu anaitwa nani na gari ataliacha wapi, amekosewa wiki tatu nyuma. Kazi yako ni ya Agosti nzima.

Watakaokujia ni wa aina tatu. Kuna wanaotoka Ulaya, na kwa Malindi hii Waitaliano ni wengi, ingawa si kila mzungu anayeshuka kwenye tuktuk ni Mwitaliano. Msalimie kwanza kabla ya kumchagulia lugha. Kuna wanaohamishwa na kazi kutoka Nairobi au Mombasa. Na kuna wa hapa hapa, wa Malindi, Watamu, Mambrui, hata Lamu, wanaomtoa mtoto kwenye mtaala wa Kenya na kumleta kwenye mtaala wa kimataifa. Hawa wa tatu ndio husahaulika zaidi. Watu husema ni wenyeji, wanajua. Mji wanaujua, naam, lakini shule hawaijui, na mara nyingi huona haya kuuliza mambo ambayo mgeni wa Ulaya angeyauliza bila kusita. Wape maelezo yale yale, kwa muda ule ule.

Suala la darasa ndilo linalozua ugomvi mwingi kuliko yote, kwa hiyo lisome vizuri. Usilinganishe namba kwa namba. Mfumo wa Uingereza, ambao ndio tunaoufuata, hugawa watoto kwa tarehe 1 Septemba hadi 31 Agosti: mtoto wa Mwaka wa 1 ni yule anayetimiza miaka 6 ndani ya mwaka huo wa shule. Italia hugawa kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, na darasa la kwanza huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 6. Sasa chukua watoto wawili waliokaa dawati moja Italia, wote wamezaliwa 2018 na wote wameanza darasa la kwanza Septemba 2024. Aliyezaliwa Machi angekuwa Mwaka wa 2 kwa hesabu ya Uingereza; aliyezaliwa Novemba angekuwa Mwaka wa 1. Mama wa mtoto wa Novemba akisikia mwanawe anaingia Mwaka wa 1 wakati mwenzake yuko Mwaka wa 2, atadhani amerudishwa nyuma. Hajarudishwa. Chora mstari kwenye karatasi, weka tarehe mbili za kuzaliwa, mwonyeshe. Dakika tano za karatasi huokoa barua pepe kumi.

Kwa watoto wa mtaala wa Kenya tatizo ni kalenda. Mwaka wao huanza Januari, na muhula wa pili huisha mwanzoni mwa Agosti. Anayehama wakati huo amemaliza mihula miwili kati ya mitatu. Hapo pia tarehe ya kuzaliwa ndiyo ya kutazama kwanza, si namba ya gredi, kisha madaftari yake yaonyeshe amefika wapi katika hesabu na Kiingereza.

Ripoti nazo zisikupotoshe. Ripoti ya shule ya msingi ya mtaala wa Kenya huja na viwango vya 1 hadi 4, na 3 maana yake mtoto amefikia matarajio. Usiigeuze kuwa asilimia 75. Shule za sekondari za Italia hutoa alama kwa 10, na 6 ni kufaulu. Ukiona 7, huyo ni mwanafunzi mzuri, usimwandikie masomo ya ziada. Kwenye jaribio la hesabu mjulishe mwalimu kwamba mtoto wa Italia huandika desimali kwa mkato, 3,5, na maelfu kwa nukta, na mpangilio wake wa kugawanya huweka kigawanyo upande wa kulia. Moja yake ina mkia na saba yake ina mstari katikati. Mwalimu asiyejua hayo anaweza kukata majibu yaliyo sahihi, na mtoto akaanza maisha yake ya hapa akiamini hajui hesabu.

Majina yanataka uangalifu kama huo. Fomu nyingi zina nafasi ya jina la ukoo, na kwetu pwani nafasi hiyo hujazwa kwa kubahatisha. Mtoto huitwa jina lake, la baba, la babu. Dada wa baba mmoja watafanana majina mawili ya mwisho, lakini binamu anayelelewa nyumba hiyo hiyo hatafanana nao, na mama ana majina ya baba yake mwenyewe. Mwanamke wa Kiitaliano naye hubaki na jina la kwao kwenye hati zake hata baada ya kuolewa. Kwa hiyo jina la mama likitofautiana na la mtoto, usiulize kama wameachana. Andika majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti au cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, kisha ongeza safu mbili: jina analoitwa nyumbani, na namba moja ya familia inayowaunganisha ndugu wote. Bila namba hiyo, ndugu watatu watapelekewa barua tatu tofauti na gari litampitia mmoja tu. Muulize pia mzazi apenda kuitwaje. Wengi hapa watasema Mama Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, na huenda huyo wa kwanza si anayeingia shule.

Karatasi za kudai mapema ni cheti cha kuzaliwa, pasipoti au vitambulisho vya wazazi, ripoti mbili za mwisho, barua ya kuhama na kadi ya chanjo. Cheti kilicho kwa lugha nyingine kitafsiriwe kabla hawajasafiri, kwa sababu huko kwao kazi hiyo ni nyepesi kuliko hapa. Kwa watoto wasio raia, eleza wazi kwamba ile ruhusa ya kusafiria ya mtandaoni, iliyochukua nafasi ya viza kuanzia Januari 2024, ni ya kuingia nchini tu. Kusoma kunahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji, na maombi yake yanahitaji barua ya shule. Toa barua hiyo wiki ile ile mtoto anapokubaliwa, na jina liwe lile la pasipoti. Barua ikisema Sandro na pasipoti ikisema Alessandro, faili litarudi.

Halafu saa. Hapa hakuna mzaha. Ukimwambia mama mgeni kwa Kiswahili kwamba gari litapita saa kumi na mbili na dakika arobaini, atalisubiri mchana. Naye akijifunza maneno mawili matatu na kumwambia dereva amfuate mtoto saa nane akikusudia asubuhi, dereva atafika mchana, na kwa Kiswahili chake dereva yuko sahihi. Kila tangazo la muda liandikwe kwa tarakimu na kipindi cha siku, 6:40 asubuhi, na chini yake kwa maneno ya Kiswahili. Wafundishe wazazi wageni kanuni ya saa sita wiki ya kwanza: unaongeza au unapunguza sita.

Anwani nazo Malindi hazina namba za nyumba za kutegemea. "Barabara ya Casuarina, geti la buluu" si anwani, mageti ya buluu ni mengi. Omba pini ya lokesheni kwa WhatsApp, jina la askari wa zamu na alama moja ya karibu isiyohama: msikiti, duka la dawa, mbuyu. Dereva apite njia nzima mara moja kabla ya kufungua, saa ile ile ya asubuhi. Nyumba za upande wa Mayungu na Watamu ziko mbali kuliko zinavyoonekana kwenye ramani, na mtoto wa kwanza kupandishwa asikae garini zaidi ya saa moja. Ikizidi, ongeza gari au badilisha mzunguko, usimwambie mzazi atazoea.

Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto iwe ya watu wasiozidi wanne, kila mmoja na picha, namba ya kitambulisho na simu. Kwetu mtoto ni wa wengi: leo atakuja dada wa nyumbani, kesho mjomba, keshokutwa jirani. Wema huo mzuri ndio unaotaka orodha. Kwa watoto wa Lamu wanaokaa Malindi kwa shangazi au mama mdogo, huyo mlezi awe namba ya kwanza kwenye fomu, na wazazi wawe wa pili, kwa sababu mzazi anayetegemea boti kisha basi hawezi kufika upesi mtoto akiumwa saa tano. Mwombe mzazi barua iliyotiwa sahihi inayompa mlezi ruhusa ya kuidhinisha matibabu.

Fomu ya afya usiipokee ikiwa na "hakuna" kila mstari. Kaa na mzazi, uliza kwa sauti. Mizio: taja vyakula vya jikoni kwenu kimoja kimoja, kwa sababu mgeni hajui kwamba nazi imo kwenye wali, kwenye maharage na kwenye mbaazi, kwamba kashata ina karanga, au kwamba viazi karai vimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki. Korosho na ufuta zitaje pia. Kama mtoto ana sindano ya adrenalini, ile ya dharura ya mzio mkali, ziwe mbili, zikae mahali pasipozidi nyuzi 25, si kwenye friji wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Chumba chenye kiyoyozi kinafaa, lakini stima hupotea, kwa hiyo weka kifuko kinachohifadhi ubaridi na umpe mtu mmoja kazi ya kukikagua kila asubuhi.

Homa ndiyo inayoua kwa ukimya. Malaria haionyeshi dalili siku ya kuumwa na mbu; huchukua siku 7 au zaidi. Familia iliyotua katikati ya Agosti, ikalala bila chandarua siku za kwanza, inaweza kuona homa wiki ile ile shule inafunguliwa, na wazazi wakaiita uchovu, jua au mafua ya safari. Mtoto mgeni hana kinga yoyote ya malaria. Andika kwa herufi nene kwenye barua ya kukaribisha: homa yoyote, apimwe damu siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa dengi, homa nyingine inayoletwa na mbu, pia ipo pwani, wampe paracetamol tu hadi majibu yatoke, wasimpe aspirini wala ibuprofeni.

Sare ni jambo fupi: fundi anahitaji kama wiki mbili, na Agosti mafundi wote wana kazi, basi vipimo vipelekwe Julai. Pamba, si polista. Vazi la kuogelea linalofunika mwili lionyeshwe kwenye picha za mfano sawa na mengine, ili binti anayelivaa asionekane wa kando.

Ada ieleze kwa shilingi, na toa mfano wa jinsi ya kujaza. M-Pesa ina kikomo cha Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku, hivyo ada kubwa hugawanywa. Kwenye nafasi ya akaunti iandikwe namba ya usajili ya mtoto, si jina. Wanaotuma kutoka benki za nje waambie makato yote yawe juu ya mtumaji, la sivyo fedha hufika pungufu, na wewe utalazimika kumdai mtu aliyedhani amemaliza.

Picha za watoto usizipige wala kuzirusha kabla ya ruhusa ya maandishi ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na baadhi ya familia zina sababu nzito za kutotaka kuonekana.

Siku moja kabla ya kufungua, waite familia mpya peke yao, saa mbili hadi saa nne asubuhi, shule ikiwa tupu. Mtoto aone mambo manne: darasa lake, choo, maji ya kunywa, na mahali gari litakapomshusha. Akiona choo, nusu ya hofu imekwisha. Watoto wengi hulia siku ya kwanza kwa sababu wamejizuia. Mpe mwenza, yaani mwanafunzi mwenzake wa kumwongoza, na wenza wawe wawili, kwa sababu mmoja akiumwa mgeni hubaki peke yake. Asiyejua Kiingereza mwandikie kadi ya sentensi sita zenye picha: naomba maji, nataka kwenda msalani, naumwa, sijaelewa, naomba unisaidie, nani ananichukua leo. Wanaume mnaopokea wageni, msinyooshe mkono kwanza kwa mama Mwislamu; weka mkono kifuani, sema salamu, umwache yeye aamue.

Tazama pia ratiba ya vilabu. Watoto wengi wa hapa huenda madrasa alasiri. Klabu nzuri zote zikiwekwa baada ya saa kumi, umewafungia mlango watoto hao bila kukusudia. Hamishia angalau mbili kwenye mapumziko ya mchana. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka, itazame kwenye kalenda sasa hivi, kabla siku ya michezo haijawekwa katikati yake.

Piga simu siku ya tatu, jioni. Usiulize kama kila kitu ki sawa, utajibiwa ndiyo. Uliza mtoto alikaa na nani wakati wa chakula. Jibu likiwa hakuna, kesho yake asubuhi ongea na mwalimu wa darasa na ubadilishe wenza. Piga tena wiki ya sita, safari hii ukimuuliza mzazi mwenyewe anamjua nani hapa mjini. Kama hana mtu, mpe namba ya mzazi mmoja anayekaa mtaa wake, ukiwa umeomba ruhusa ya wote wawili, na umwambie huyo mwenyeji amwalike chai Jumamosi.