Beba fonti yako: kwa mnaoanza kuchora picha kwenye seva

Kazi yangu ya kwanza ya kuchora picha kwa programu ilikuwa kadi za uanachama za kikundi cha wauza dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Kwenye laptopu yangu zilipendeza. Nilipozihamishia kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha programu, mahali pa jina kukatoka vijisanduku vitupu vimejipanga kama matofali. Mama mmoja akanipigia simu: "Mwanangu, mbona mimi sina jina?" Swali lile liliniuma. Ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu mnaoanza.

Vijisanduku vile hutokea programu ikikosa fonti, yaani faili yenye maumbo ya herufi. Laptopu yako ina fonti nyingi zilizokuja nayo. Seva haina sababu ya kuwa nazo, na kontena ya Alpine (kifurushi kidogo cha Linux cha kuendeshea programu) huja bila fonti hata moja. Ukiandika Arial kwenye msimbo, unaomba kitu ambacho huenda hakipo. Pillow, maktaba ya kuchora picha kwa Python, ikikosa faili ya fonti hugoma na kukuonyesha kosa. Lakini node-canvas, mwenzake wa Node.js, haisemi kitu: inachukua fonti nyingine yoyote, nawe unakuja kuambiwa na mteja.

Basi weka fonti ndani ya mradi wenyewe, faili ya TTF au OTF (aina za faili za fonti), isafiri pamoja na msimbo. Chagua yenye leseni ya SIL Open Font License, kama Noto Sans. Leseni hiyo inaruhusu kuifungasha na programu yako. Faili ya leseni iende nayo.

Kwenye node-canvas, registerFont, inayosajili fonti, iitwe kabla ya createCanvas, inayotengeneza turubai ya kuchorea. Ukichelewa, turubai haitaijua fonti yako. Herufi nene ni faili yake peke yake, nayo isajiliwe kivyake. Njia ya faili ianzie kwenye folda ya msimbo, isitegemee mahali programu ilipowashiwa. Systemd, inayowasha programu kwenye seva nyingi za Linux, huanzia kwenye mzizi wa diski usipoielekeza kwingine. Na kama unaandika msimbo ukiwa kwenye Windows, kumbuka Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili.

Pillow inataka njia ya faili tu. Maktaba nyingine, kwa mfano zinazosoma SVG (picha zinazoandikwa kwa maandishi), hutafuta fonti kwa jina lililoandikwa ndani ya faili ya fonti, ambalo si lazima lifanane na jina la faili. Amri ya fc-scan itakuonyesha jina hilo.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita, nasi wa Kanda ya Ziwa hatuna ruhusa ya kulipita: ritifaa, ile alama ya '. Majina yetu ya Kisukuma yamejaa ng', na wilaya ya jirani, mkoani Geita, inaitwa Nyang'hwale. Baadhi ya simu hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ambayo namba yake kwenye Unicode, orodha ya herufi za kompyuta, ni U+2019. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Fonti ya urembo niliyoipenda sana ilikuwa na ya kwanza tu, hivyo kila Ng’wandu aliyejiandikisha kwa simu alipata kisanduku katikati ya jina lake. Niliiacha fonti ile siku hiyohiyo. Uzuri wake haukufikia thamani ya jina la mtu.

Siku hizi, kila toleo jipya likipanda, seva yenyewe huchora kwanza kadi moja ya majaribio: Ng'wandu kwa ritifaa zote mbili, kwa herufi nyembamba na nene. Naifungua kwenye simu, naivuta karibu, nasoma herufi moja moja. Baada ya hapo ndipo kadi za watu zinaanza kutoka.