Kuwaelewa wafanyakazi hakuvunji nidhamu

Ndugu yangu, umeuliza kama msimamizi mpya wa wachumaji chai huku Mufindi, Iringa, akiwasikiliza sana watu wake atapoteza mamlaka. Kwa uzoefu wangu wa usimamizi, mamlaka hupotea pale watu wanapokuona hujui maisha yao, wala si pale unapowasikiliza.

Niliwahi kumwandikia onyo mama mmoja aliyechelewa siku tatu mfululizo mwezi wa Julai, wakati wa baridi na ukungu, bila kumuuliza lolote. Baadaye nikajua kwamba alikuwa akimuuguza mwanawe usiku kucha, na tangu hapo kundi lake lote likaacha kuniambia matatizo, hata yale ya kazi. Kosa hilo linaniuma mpaka leo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mtu wa karibu wa familia au mtoto wake anapougua, lakini sheria haiwezi kukuambia namna ya kumpokea siku anaporudi. Muulize kwanza, faraghani, kisha ndipo mpange pamoja atakavyofidia kazi. Lengo la kilo za chai anazopaswa kuchuma libaki palepale.