Mgonjwa wa dialisisi anaharisha damu: kabla hujanunua Flagyl

Mleta mada, umeuliza kama tumbo la mzee wako lina uhusiano na figo. Yuko kwenye dialisisi hapa Dodoma, alikuwa anapata choo kigumu, sasa anaharisha choo chenye damu, na humu wameshakuandikia Flagyl na mwarobaini. Uhusiano upo, tena mkubwa. Mimi si daktari. Namuuguza dada yangu ambaye naye anasafishwa damu, na tumbo limetutesa kuliko hata fistula, yaani ule mshipa wa mkononi uliotengenezwa kwa ajili ya kuunganishwa na mashine.

Figo zikifika hatua ya 5, yaani ya mwisho, urea inajaa kwenye damu na nyingine inaingia kwenye utumbo. Bakteria wa humo wanaivunja inakuwa amonia, nayo inachubua utando wa utumbo na kulegeza maungio ya seli zake. Sumu za bakteria zinapenya hadi kwenye damu, na mwili unaishi kama uko vitani. Ongeza na vidonge: vya kalisiamu vya kuzuia fosfeti na vya madini ya chuma, vyote vinakausha choo. Tena mgonjwa ameshakatazwa matunda na mboga nyingi kwa ajili ya potasiamu, madini ambayo figo zake zinashindwa kuyatoa, kwa hiyo nyuzinyuzi anapata kidogo. Na kwa kuwa wanapewa antibiotiki mara kwa mara, bakteria wazuri wanakufa, na yule anayeitwa Clostridioides difficile anapata nafasi ya kuvimbisha utumbo mpana. Flagyl inaweza kusaidia, inaweza isisaidie kitu. Bila kupima choo mnabahatisha.

Kuna jambo moja ambalo sisi hatukuwahi kuambiwa. Siku moja dada alikwenda mashineni amevimba, wakamtoa maji mengi, presha ikashuka. Nesi akamwinua miguu, akamrudishia maji kidogo, akatulia, tukarudi zetu Nkuhungu. Jioni likamkamata tumbo ghafla, upande wa kushoto chini. Kuingia chooni, choo chepesi na damu nyekundu kabisa. Jirani akasema hiyo bawasiri, akae kwenye maji ya uvuguvugu. Mimi nikaona bawasiri gani hii inayomfanya mtu ajikunje hivi na jasho linamtoka? Tukaondoka usiku uleule. Kipimo cha kamera kikaonyesha sehemu ya utumbo mpana imekosa damu ya kutosha na kuvimba. Daktari akatueleza kwamba presha ikianguka, mwili unaulinda moyo na ubongo kwanza, utumbo ndio unanyimwa. Alipona bila kupasuliwa. Baadaye wakampangia upya uzito mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada mwilini, na maji wakawa wanayatoa taratibu.

Kwa hiyo mwulize mzee: maumivu yanaanza siku za mashine au siku yoyote tu? Presha yake inashuka akiwa pale? Majibu hayo mpe daktari, yana uzito kuliko jina lolote la ugonjwa tutakalokutajia humu.

Kuhusu choo kigumu, kuna mchangiaji kaandika "anywe maji mengi". Huyo anamjibu mtu mwenye figo nzima. Mgonjwa asiyekojoa akinywa maji mengi yanaishia kwenye mapafu. Haluli nayo ni magnesiamu, na figo zake haziwezi kuitoa. Dada alipewa laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Usichukulie poa choo kigumu, maana figo zikishindwa utumbo unasaidia kutoa potasiamu, choo kikikwama nayo inabaki. Diklofenaki ya kutuliza tumbo, hapana kabisa, inachimba vidonda na kuleta damu zaidi.

Chakula ni vita nyingine kwa sisi wa huku. Mboga za majani unaambiwa chemsha, mwaga maji ili potasiamu ipungue, ndipo upike. Haya, mlenda utaumwaga maji gani ubaki mlenda? Na magadi yake ni sodiamu, mwili unayahesabu kama chumvi. Sisi tuliacha magadi, mlenda anaonja kidogo kulingana na kipimo cha potasiamu cha mwezi. Ubuyu na zabibu kavu tumefuta. Zabibu mbichi chache anaruhusiwa.

Wakikuta ni Crohn au ugonjwa mwingine wa utumbo wa kudumu, daktari wa figo na wa tumbo wazungumze. Mesalazini, dawa ya baadhi ya magonjwa hayo, yenyewe inaweza kuumiza figo, na kama mzee bado anakojoa kidogo, hicho kidogo kina thamani. Hospitali ya Benjamin Mkapa wanasafisha damu na tangu 2018 wanapandikiza figo, kwa hiyo wa kuuliza wapo hapahapa mjini.

Ila damu kwenye choo haisubiri zamu yake ya mashine. Mpeleke leo. Kabla hawajamwunganisha tena, waambie anatoka damu, kwa sababu mashineni huwa wanaweka heparini ili damu isigande, na wanaweza kuipunguza au kuiacha. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za mitishamba alizoficha chini ya godoro.