Shashi rahisi, gharama kubwa

SWALI: Kamati yetu ya ununuzi hulinganisha bei ya kipande kimoja tu, kwa hiyo shashi ndiyo inayoshinda kila zabuni. Wauguzi wanasema tunajidanganya. Nani yuko sahihi? – Mtunza bohari, hospitali ya umma

JIBU: Wauguzi, ila si kwa kila kidonda.

Piga hesabu ya wiki nzima kwa kidonda kimoja. Tuseme shashi inagharimu 1 na sponji ya kufungia vidonda 8, na kila ufungaji unatumia glavu, maji ya chumvi na bendeji vinavyogharimu jumla ya 3. Shashi ikibadilishwa kila siku: 7 × 4 = 28. Sponji ikikaa siku tatu hadi nne, hubadilishwa mara mbili: 2 × 11 = 22. Ongeza muda wa muuguzi, dakika 20 kila mara: 140 dhidi ya 40. Isitoshe, shashi ikikauka hugandana na kidonda, na ukiibandua unang'oa nyama changa inayoota.

Sasa tatizo. Wodi ikiendelea kufungua kidonda kila asubuhi kwa mazoea, sponji ileile inafika 7 × 11 = 77. Msinunue kabla ya kukubaliana kwamba haifunguliwi mpaka majimaji yakaribie ukingo wa sponji, au pawe na harufu, homa au maumivu mapya. Kidonda chenye maambukizi au kinacholowa kila siku kibaki na shashi. Hapo bidhaa ghali inatupwa tu. Alginati nayo, yaani kifungio cha nyuzi zinazotokana na mwani, ni ya kidonda chenye majimaji mengi. Kwenye kikavu hugandana vilevile.

Angalieni pia vipimo. Sponji ipite ukingo wa kidonda kwa sentimita 2 hadi 3, hivyo 10 × 10 hutosha vidonda vingi. Bohari iliyojaa 20 × 20 inalipia hewa.

SWALI: Na bidhaa zenye madini ya fedha?

JIBU: Ziwe kwa dalili za maambukizi pekee, na zipitiwe upya baada ya wiki mbili. Zikiwekwa rafu ya wazi, zitaishia kwenye mikwaruzo.

Kwa kidonda cha mguu kinachotokana na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), pesa za bidhaa hizo zipelekeni kwanza kwenye bendeji za mgandamizo, maana ndizo zinazoponya. Ila mtiririko wa damu ya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) upimwe kabla: uwiano wa presha ya kifundo cha mguu kwa ya mkono ukiwa chini ya 0.8, msikaze bila ushauri wa mtaalamu.