Ni mji gani wa kati nchini Tanzania wenye nafasi kubwa zaidi ya kukua?

SWALI: Nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, na ninakusudia kufungua tawi pamoja na ghala katika mji mwingine wa Tanzania. Wapo wanaonishauri Dodoma kwa sababu Serikali imehamia huko, na wengine wananishauri Tanga kwa sababu ya bomba la mafuta. Mtaji nitakaoweka ninatarajia urudi ndani ya miaka kumi. Kitaalamu, ni mji upi wa ukubwa wa kati wenye nafasi kubwa zaidi ya kukua?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa biashara na muda ulioutaja, ningeiweka Mbeya mbele ya miji yote ya kati, kisha Kahama, na ndipo zifuate Dodoma na Tanga. Mpangilio huu si ule unaosikika mara kwa mara, kwa hiyo nitaeleza ninavyoufikia nikiwa mtu wa mipango miji. Miji ya kati ninayoizungumzia ni ile yenye wakazi kati ya laki tatu na milioni moja hivi. Mwanza ninaiacha, kwa kuwa wilaya zake mbili za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilikwisha kuvuka watu milioni moja katika Sensa ya mwaka 2022. Morogoro nayo ninaiacha, kwa sababu tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024 imezidi kuwa sehemu ya soko la Dar es Salaam, ambako wewe tayari upo.

Tuanze na takwimu, kwa sababu ndizo zinazowapoteza wengi. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, Dodoma ilitoka watu wapatao 411,000 hadi 765,000, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 3.2. Kahama ilikwenda kwa kasi kama hiyo hiyo, kutoka takribani 242,000 hadi 454,000. Mbeya ilitoka 385,000 hadi 542,000, na Tanga kutoka 273,000 hadi 393,000. Anayesoma namba hizi peke yake ataichagua Dodoma bila kusita. Lakini idadi ya watu wa jiji huhesabiwa kwa kufuata mipaka ya halmashauri, na mipaka hiyo haifanani. Jiji la Dodoma lina zaidi ya kilomita za mraba 2,500, ndani yake mkiwamo mashamba na vijiji, ilhali Jiji la Mbeya halifiki kilomita za mraba 300. Mbalizi, ambako nyumba na maduka vimeungana na mji kiasi kwamba mgeni hatambui alipovuka mpaka, ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya na haimo katika hesabu za jiji. Ukuaji halisi wa Mbeya, kwa hiyo, ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye jedwali.

Baada ya takwimu, swali ninaloliona kuwa la msingi ni hili: fedha inayozunguka katika mji inatoka wapi, na je, itaendelea kuingia baada ya mkandarasi wa mradi mkubwa kufungasha vifaa vyake na kuondoka?

Kwa kipimo hicho, Mbeya haina mpinzani miongoni mwa miji hii. Mji umezungukwa na maeneo yenye mazao na misimu tofauti: mpunga wa Usangu na Kyela, viazi vya Uporoto, chai na parachichi za Rungwe, kakao ya Kyela, kahawa ya Mbozi. Zao moja likianguka bei, jingine huwa linavunwa, na mkulima aliyeuza hujenga kidogo kidogo, bati mwaka huu na saruji mwakani. Huyo ndiye mteja wa kudumu wa duka la vifaa vya ujenzi, na wala hategemei bajeti ya Serikali. Juu ya kilimo kuna njia ya kwenda Zambia, Malawi na Kongo: barabara kuu inayoelekea mpaka wa Tunduma, na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mafuta na mbolea hupanda kutoka bandarini, shaba hushuka, na malori hayo yanahitaji gereji, maghala, vipuri na mahali pa kulala madereva. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, umeipunguzia Mbeya ile hali ya kuwa mbali na kila kitu.

Hatari yake ipo, na si ndogo. Shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, inaweza kupitia magharibi, kwa reli ya kwenda bandari ya Lobito nchini Angola, ambayo inaungwa mkono na Marekani na Umoja wa Ulaya. Kila tani itakayokwenda huko ni lori ambalo halitapita Mbeya. Ninaamini hata hivyo kwamba kilimo pekee kinatosha kuubeba mji endapo biashara ya shaba itapungua, na hilo siwezi kulisema kuhusu mji mwingine katika orodha hii.

Kahama ndiyo inayosahauliwa zaidi, na inanisikitisha kuona jinsi wawekezaji wanavyoipita wakielekea Mwanza. Ipo kwenye njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, jirani na bandari kavu ya Isaka, ina mpunga, ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na inapata maji ya Ziwa Victoria kwa bomba. Kilichonishawishi zaidi ni kwamba mgodi mkubwa wa Buzwagi ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021 na mji haukuporomoka. Mpango wa kujenga hapo kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga usiuweke katika mahesabu yako mpaka uone kimesimama.

Dodoma imekua kwa sababu ya uamuzi wa Serikali. Azimio la kuhamia huko lilipitishwa mwaka 1973, lakini utekelezaji wake wa kweli ulianza mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Upimaji wa viwanja ni mzuri kuliko karibu miji yote nchini, na mishahara huingia kila mwezi. Ugumu ni kwamba fursa hiyo imekwisha kuonekana na kila mtu, bei za ardhi zimeshapanda kwa sababu yake, na washindani wako walifika mapema. Maji pia ni kikwazo halisi: eneo ni kame, na kwa miongo mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe. Tena sasa treni inamfikisha mtumishi Dar es Salaam kwa chini ya saa nne, na wapo watakaoamua familia na nyumba vibaki huko.

Kuhusu Tanga, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani litaajiri watu wachache likishakamilika, kwa hiyo lisiwe sababu yako. Sababu nzuri zaidi ni bandari, ambayo imeongezwa kina kutoka mita 3 hadi 13, na meli ambazo zamani zilishusha mizigo kwa matishari mbali na gati sasa zinafunga gatini. Mamlaka ya maji ya Tanga nayo iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya takribani shilingi bilioni 53 mwaka 2024, jambo linaloonyesha taasisi inayojipanga. Ila saruji inatengenezwa pale pale Tanga, na faida yako katika bidhaa hiyo itakuwa nyembamba. Ningesubiri nione shehena ya bandari inavyokwenda kwa miaka michache.

Ukiamua kwenda Mbeya, usinunue kiwanja mwaka wa kwanza. Panga ghala upande wa Uyole au Mbalizi, kisha uende ofisi ya mipango miji ya halmashauri husika uone mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ya mji, na ramani ya upimaji wa eneo unalolitaka. Hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kipande cha Nsalaga hadi Ifisi kinapanuliwa kuwa njia nne. Fremu inayopangishwa kwa bei nafuu kandokando ya barabara hiyo ipimwe kwanza kuona kama haimo ndani ya hifadhi, kabla hujatoa hata kodi ya mwezi mmoja.