Baiskeli Isiyo na Breki: Ushauri kwa Anayeanza Mbio za Uwanjani

Kila anayesikia kwamba nashindana mbio za baiskeli za uwanjani huniuliza swali lile lile: kweli hazina breki? Ni kweli. Hazina breki, hazina gia za kubadilisha, hazina friwili. Mnyororo umeunganisha pedeli na gurudumu la nyuma moja kwa moja, hivyo gurudumu likizunguka na miguu nayo inazunguka, upende usipende. Nikishajibu hivyo, naona mtu amekata tamaa kabla hata hajagusa baiskeli. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya, kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlioko London na kwingineko Uingereza, mnaopenda baiskeli na mnaoutazama mchezo huu kwenye televisheni kila Olimpiki mkidhani ni wa watu wengine.

Breki zimeondolewa kwa sababu ya usalama. Fikiria watu ishirini wanaokimbia kilomita 40 kwa saa, gurudumu la huyu liko sentimita chache nyuma ya gurudumu la yule. Mmoja akikamata breki ghafla, walio nyuma yake wote wako chini. Uwanjani hakuna anayeweza kusimama ghafla, kwa hiyo mwendo wa kundi zima hupanda na kushuka taratibu. Mchezo wote umejengwa juu ya jambo hilo: mwenzako ajue utafanya nini sekunde inayofuata. Mtu mwenye nguvu nyingi anayeyumba huku na huku hukimbiwa na kila mtu. Mtu wa kawaida anayeshika mstari wake, anayegeuza kichwa kabla ya kuhama, kila mtu hutaka kukaa nyuma yake. Anayeanza huwaza misuli na mapafu. Mimi nakuambia anza na kutabirika, maana bila hilo hakuna atakayekupa nafasi ya kuonyesha misuli yako.

Kama uko London, anzia Herne Hill, kusini mwa jiji. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1891 na ndipo zilipofanyika mbio za baiskeli za uwanjani za Olimpiki ya 1948. Bradley Wiggins, Mwingereza aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki wa baiskeli, alianza mashindano pale akiwa mtoto. Ni uwanja wa wazi, mzunguko wake ni wa takriban mita 450, na kona zake zimeinama kidogo tu. Wanazo baiskeli za kukodi na vipindi vya wanaoanza. Ubaya wake ni mmoja, mvua, na London mnaijua. Uzuri wake ni kwamba unajifunza kuzoea gia isiyopumzika bila kuwa na ukuta mbele yako. Unajifunza kupunguza mwendo kwa kuzuia pedeli kidogo kidogo, mguu unaopanda ukikataa kusukumwa. Unajifunza pia jambo ambalo mwili unalisahau kila mara mwanzoni: usiache kupiga pedeli. Ukitaka kupumzisha miguu kama ulivyozoea barabarani, pedeli inaunyanyua mguu na kukurusha juu ya kiti. Mimi nimekulia Shinyanga, ambako baiskeli ilibeba abiria, maji na magunia kabla bodaboda hazijajaa, na nilijihesabu mwenyeji wa baiskeli. Hata hivyo mwili wangu ulihitaji kufundishwa upya.

Baada ya hapo nenda Lee Valley, uwanja uliojengwa Stratford, mashariki mwa London, kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Huu ni wa ndani, mita 250, umetandikwa mbao za msonobari wa Siberia, na kona zake zimeinama hadi nyuzi 42. Kwenye picha hazionekani hivyo. Ukisimama chini ya kona ukainua macho, utajiuliza kama kuna mtu mwenye akili timamu anayepanda pale.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hofu hii ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Kona imeinamishwa ili baiskeli yenye mwendo isukume mbao kwa tairi zake kama inavyosukuma barabara iliyonyooka. Ukiwa na mwendo wa kutosha, tuseme kilomita 30 kwa saa au zaidi, tairi zinashika vizuri na wewe unahisi umekaa sawasawa ingawa anayekutazama anakuona umelala ubavu. Mwendo ukipungua sana, uzito wako unaanza kuzivuta tairi kuelekea chini na zinateleza. Maana yake ni kwamba kile ambacho hofu inakuambia ufanye, yaani upunguze mwendo, ndicho kinachoangusha. Kocha wangu wa kwanza alisimama katikati ya uwanja akirudia maneno mawili tu kila nilipokaribia kona: ongeza, tazama mbele. Ongeza kabla ya kona, wakati bado uko kwenye sehemu iliyonyooka. Tazama mbele mahali kona inapotokea, usitazame gurudumu lako wala mbao zinazopita chini yako. Baiskeli huenda macho yanakoenda. Mara ya kwanza nilipopita kona nzima juu ya mstari wa buluu uliochorwa juu kwenye mbao, mgurumo wa mbao ulibadilika, ukawa mzito zaidi, na tumbo likakandamizwa chini kwa uzito ambao sikuutegemea. Mzunguko wa pili niliutaka tena. Hofu haikuisha siku hiyo, ila ilipata mahali pa kukaa.

Mistari ile ya rangi si mapambo. Chini kabisa kuna utepe wa buluu hafifu, ambao si sehemu ya mbio. Juu yake, sentimita 20 kutoka ukingo wa ndani wa uwanja, kuna mstari mweusi, na huo ndio unaopimia mita 250. Kisha mwekundu, kwenye sentimita 85. Kati ya mweusi na mwekundu ndiyo njia ya wanaomalizia kwa kasi: anayeongoza akishaingia humo mwishoni, haruhusiwi kutoka kumzuia mwenzake, na wewe huruhusiwi kumpita kwa ndani. Juu zaidi kuna mstari wa buluu, na anayetaka kuvuta pumzi au kusubiri nafasi hupanda huko. Kupita ni kwa upande wa kulia, juu. Na kabla ya kupanda hata nusu mita, geuza kichwa, tazama juu ya bega la kulia. Kila mara, hata kama una uhakika hakuna mtu. Kocha akikuona hutazami, hakupi cheti, na ana haki.

Vyeti vyenyewe ni ngazi nne pale Lee Valley, na bila hivyo huingii kwenye mashindano. Usivione ni urasimu. Ngazi za mwanzo ni kuendesha peke yako na kupanda na kushuka kona. Za juu ni kuendesha kwenye msururu, na msururu ndio darasa lenyewe. Aliye mbele anakata upepo, akimaliza zamu yake anapanda juu ya kona, msururu unapita chini yake, naye anashuka kujiunga mkiani. Ugumu uko kwenye kushuka. Ukingoja mpaka wa mwisho awe amekupita kabisa, utamkuta ameshaacha pengo na utalipa kwa miguu kulifukuza. Anza kushuka wakati wa mwisho yuko usawa wako, macho yako kwenye gurudumu lake la nyuma, utaangukia nyuma yake bila kutumia nguvu yoyote. Ukiwa mbele nako kuna adabu yake: usiongeze mwendo kuonyesha kwamba unaweza. Shika mwendo uliokabidhiwa. Niliwapenda wenzangu wa kundi la kwanza kwa sababu hiyo. Hatukujuana majina, ila tulikuwa tunajua gurudumu la nani linatulia.

Kuhusu gia, usihangaike. Baiskeli za kukodi huwa na gia ya wastani. Chukua mfano wa meno 48 mbele na 15 nyuma: kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 6.7 hivi, na kwa kilomita 40 kwa saa miguu inazunguka karibu mara 100 kwa dakika. Wanaoanza wengi hutaka gia kubwa wakiamini ndiyo mwendo. Gia kubwa ni nzito kuianzisha, na mbio za wanaoanza zimejaa kupungua na kuongeza ghafla. Jifunze kuzungusha haraka na kwa ulaini kwanza.

Sasa mbio zenyewe. Ligi za wanaoanza kwa kawaida huwa na mbio fupi kadhaa katika jioni moja. Ipo ile ya kawaida, wa kwanza kuvuka ndiye mshindi. Ipo ya pointi, ambayo kwenye uwanja wa mita 250 kila mizunguko 10 kengele hulia na wanne wa kwanza hupata 5, 3, 2 na 1, na anayelizunguka kundi zima akalifikia kwa nyuma hupata 20. Halafu ipo ya kutolewa, na hiyo ndiyo ningependa uijue kabla hujaingia.

Katika mbio za kutolewa, kila mizunguko miwili wa mwisho anatoka. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba anayetolewa hupimwa kwa gurudumu la nyuma. Mwisho wa mbio, mshindi hupimwa kwa gurudumu la mbele, lakini hapa ni la nyuma, kwa hiyo kurusha baiskeli mbele kwenye mstari hakukusaidii kitu. La pili ni mahali pa kukaa. Mgeni hukimbilia mstari mweusi kwa sababu ndiyo njia fupi. Kundi linambana pale: mtu mbele, mtu kuliani, kushotoni utepe usioruhusiwa, na wote walio nje wanampita wakati yeye hana pa kutokea. Huyo hutolewa mapema akiwa na pumzi tele. Kaa mita moja nje. Hesabu yake si kubwa: kupanda mita moja kunakuongezea kati ya mita nne na sita kwa mzunguko, kutegemea mwinamo, na kwa gharama hiyo unanunua njia ya kupita wakati wowote. Kaa katikati ya kundi, nje kidogo, sogea mbele mzunguko mmoja kabla ya kila kutolewa, kisha acha kundi likurudishe taratibu. Katika mbio zangu za kwanza za aina hii nilikaa hivyo, na niliwaona watu wenye nguvu kunizidi wakishuka mmoja mmoja.

Mwili utakushangaza kwa mambo mawili. Joto ni la kwanza. Viwanja vya ndani huwa vya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, inapunguza upinzani wa upepo. Kunywa maji kati ya mbio. La pili ni kikohozi kikavu baada ya juhudi kubwa. Wengi hukipata, na kwa kawaida huondoka jioni hiyo hiyo. Kama una pumu mwambie kocha mapema na uwe na dawa yako karibu. Vaa glavu, hata kama unaona joto, kwa sababu anayeanguka hutanguliza mikono na mbao zina vibanzi. Baada ya mbio vaa koti, maana unakaa muda mrefu kuliko unaoendesha.

Niseme pia kuhusu kuwa Mwafrika mahali pale. Mara nyingi nimekuwa mweusi peke yangu katikati ya uwanja, na najua wapo wanaoacha kwa sababu hiyo bila kuisema. Mchezo huu una historia yetu ndani yake. Marshall Taylor, Mmarekani mweusi aliyeitwa Major Taylor, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi mwaka 1899 huko Montreal, wakati ambapo nchini mwake alikuwa akizuiwa kuingia baadhi ya mashindano kwa rangi yake. Mwaka 2019 Nicholas Paul wa Trinidad na Tobago aliweka rekodi ya dunia ya mita 200, sekunde 9.100. Na mwaka 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza barani Afrika. Watoto wetu waliozaliwa huku wanastahili kuziona mbao zile kwa karibu, na nafurahi kila ninapomkuta mmoja wao kwenye kipindi cha watoto akiwa amepanda juu ya buluu bila wasiwasi.

Usinunue baiskeli kwanza. Kodi mpaka upate ngazi zote, ndipo utajua fremu inayokufaa na kama unapenda mbio fupi au ndefu. Ukinunua iliyotumika, kagua mvutano wa mnyororo na ununue spana ya milimita 15 ya kufungia nati za magurudumu, kisha zikaze mwenyewe kabla ya kila kipindi. Kwa sasa ingia tovuti ya Herne Hill au Lee Valley, tafuta kipindi cha wanaoanza, ulipie. Watakuuliza urefu wako kwa ajili ya fremu na namba ya kiatu kwa ajili ya viatu vya klipu, yaani vinavyonasa kwenye pedeli, kwa hiyo viandike kabla hujaanza kujaza fomu.