Pershing au Absolute kwa wageni wa Nungwi? Anza na kilicho chini ya maji

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni nahodha, naendesha boti za wageni Nungwi. Tajiri wangu anataka kununua boti ya Kiitaliano iliyotumika kutoka Mediterania, na amebakiwa na mbili za kuchagua. Ya kwanza ni Pershing ya futi 50, injini mbili za MAN za farasi 800 kila moja, ina mfumo wa propela wa Arneson. Ya pili ni Absolute ya futi 52 yenye sitaha ya juu, injini mbili za Volvo Penta za farasi 435, mfumo wa propela wa IPS. Kazi ni wageni kumi: Mnemba asubuhi, machweo jioni, na mara moja moja Pemba, wengine wanalala humo humo. Moyo wa tajiri uko kwenye Pershing. Mimi naogopa mafuta na mafundi. Unashauri ipi?

JIBU: Marahaba nahodha. Kwa hizo mbili ningechukua Absolute, tena kwa masharti. Na kama tajiri hajalipa arubuni, ipo ya tatu ambayo ningemwomba aitazame kwanza.

Pershing inatengenezwa Mondolfo, pwani ya Adriatiki, tangu 1985, na tangu 1998 iko chini ya kampuni ya Ferretti. Imeundwa kwa mtu anayetoka bandarini baada ya chakula cha mchana, bahari ya Julai imelala, akavuka kwenda kisiwa cha pili kwa kasi ya maili 40 za bahari kwa saa. Iko chini, nyembamba, tumbo limechongwa kama herufi V. Absolute ni kiwanda cha 2002, kiko Podenzano karibu na Piacenza, bara kabisa, bahari hawaioni. Wao karibu boti zao zote wanazifunga IPS, na nguvu zao wameziweka kwenye nafasi: vyumba vikubwa, vioo vipana, sitaha ya juu. Kwa hiyo tajiri wako analinganisha vyombo vya kazi mbili tofauti. Jina la Italia ndilo linalovifanya vionekane ndugu.

Arneson ni nini hasa? Shafti inatokea nyuma ya boti, kwenye tezi, na propela inazunguka nusu ndani ya maji nusu nje. Hakuna usukani wa kuning'inia chini wala mabano ya shafti ya kukwama na maji, ndiyo maana boti inaruka. Lakini propela ya namna hiyo inataka mwendo. Chini ya kasi ya kupanda juu ya maji inahangaika, injini inabeba mzigo mkubwa na moshi mweusi unatoka, na nahodha anashughulika kuinua na kushusha mikono ya haidroliki kutafuta pale inapokaa sawa. Kwenye gati, ukirudi kinyumenyume na upepo wa ubavuni, utatoa jasho.

Sasa ilete kwenye mkondo wa Pemba. Mkondo wetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unakwenda Pemba upepo na maji viko tezini, raha tupu. Kurudi ndiko unakoyapiga mawimbi omo, yaani mbele ya boti. Wakati wa kaskazi upepo unapambana na mkondo, mawimbi yanakuwa mafupi yaliyosimama, wewe unayajua kuliko mimi. Siku kama hizo wageni kumi hawatakuruhusu upite maili 15 au 16 kwa saa, hata boti iwe na uwezo wa 40. Tumbo la V la Pershing litakata wimbi kwa upole kuliko Absolute, hilo nakubali bila ubishi, na omo kwa omo ndiyo boti nzuri zaidi. Ila kasi utakayolazimika kwenda nayo ndiyo hiyo hiyo ambayo Arneson haiipendi. Utakuwa umenunua mbio ambazo nusu ya mwaka huwezi kuzitumia.

Kuhusu mafuta, hesabu ya haraka ya dizeli ni robo lita kwa kila kilowati kwa saa, injini ikibanwa mpaka mwisho. Farasi 1,600 ni kilowati 1,180 hivi, kwa hiyo Pershing inakula karibu lita 295 kwa saa. Farasi 870 za Absolute ni kilowati 640, lita 160. Tajiri atakujibu kwamba Pershing inafika mapema, na ana haki: ikienda 40 inatumia lita 7.4 kwa maili, na Absolute ikienda 27 inatumia 5.9. Tofauti si ya kutisha. Lakini hesabu hiyo inasimama bahari ikiwa shwari tu. Mwendo ukishuka, Pershing inapoteza faida yake yote.

Usidhani IPS haina kesi. Ilitoka 2005: propela mbili kwa kila mguu unaoning'inia chini ya boti, zinazunguka kinyume, zinatazama mbele na kuivuta boti badala ya kuisukuma. Volvo wanadai inaokoa mafuta hadi asilimia 30 ukilinganisha na shafti, na kwa kijiti kimoja utaiegesha boti kwa namna ambayo mtoto ataona ni mchezo. Tatizo ni kwamba miguu ile ndiyo inayofika chini kuliko kitu kingine chochote. Kwetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka mita nne hivi, na desturi yetu ni kuilaza boti mchangani maji yakitoka, tukasugua, tukapaka rangi, tukabadilisha zinki za kuzuia kutu. Boti ya IPS huilazi. Ikigonga mwamba, mguu umeundwa ukatike ili boti isitoboke. Abiria watasalimika, tajiri atalipia mguu mpya. Kabla hajanunua aulizwe: boti ya tani zaidi ya 15 ataipandishia wapi, na kwa mashine gani? Kama jibu ni Mombasa, aiweke safari hiyo kwenye bajeti ya kila mwaka.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Volvo Penta hupanga injini zake kwa madaraja ya kazi, na daraja la 5, la starehe, linakusudiwa saa zisizozidi 300 kwa mwaka. Daraja la 4 ni chini ya 800. Wewe ukienda saa nne kwa siku, siku 150, umeshafika 600. Boti nyingi za Mediterania zina injini za daraja la 5, kwa sababu mwenyewe anazitumia kiangazi tu. Haina maana kwamba itakufa mwaka wa kwanza, ila turbo, vipoza na injekta vitataka huduma mapema, na maji yetu ya nyuzi 28 hayaisaidii kupoa. Soma daraja kwenye karatasi za injini, halafu umwambie tajiri apunguze mwendo badala ya kupunguza huduma.

Ya tatu niliyoitaja ni boti ya sitaha ya juu ya miaka ya 2000 yenye shafti za kawaida, Azimut au Ferretti, za Kiitaliano pia, ya ukubwa huo huo. Haina mvuto wa picha. Lakini shafti, mpira wa shafti na propela ya shaba ni vitu ambavyo fundi wa Mombasa au Dar ameshavishika, na giaboksi inafunguliwa ukiwa ndani ya boti. Ningeichukua hiyo hata kama sebule yake imepitwa na wakati.

Akishikilia Absolute, fanya haya. Soma kibao cha CE, alama ya viwango vya Ulaya, karibu na usukani: daraja B ni upepo mpaka nguvu 8 kwa kipimo cha Beaufort na mawimbi mpaka mita 4, na idadi ya watu imeandikwa kwa kila daraja, usichukue ile ya C, ya maji matulivu zaidi, ukadhani ndiyo ya mkondo wa Pemba. Uliza pia ni wangapi wanaoruhusiwa juu, kwa sababu wageni kumi wakipanda wote kupiga picha ya machweo, boti inaweza kuinama upande. Mafuta ya miguu yote miwili yatolewe mbele ya mkaguzi wako; yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Kagua mpira mzito unaoshika mguu kwenye tumbo la boti, ukiwa ndani, kwa tochi.

Halafu itiwe baharini, matangi yote yakiwa yamejaa, ipelekwe mpaka mwisho. Injini hiyo lazima ifike mizunguko 3,500 kwa dakika. Ikigoma kwenye 3,200, muuzaji atasema tumbo ni chafu. Mwambie aisugue kwa gharama yake na mrudie jaribio kabla ya senti moja kutumwa. Akikataa, rudini kwenye ile ya shafti.